Maji Mdomoni mwa Baba

—madam! Aliniita madam, jamani! Baba yangu mzazi, damu yangu, ananitazama kwa macho mawili makavu na kuniuliza, "Madam, baiskeli iko wapi?"

Ngojeni nivute pumzi. Nimekimbilia mbele hata sijawaambia nilifikaje hapo.

Mliosoma jana mnajua nilikoishia. Ni Desemba ya themanini na tatu, nina miaka kumi na sita, fomu thri nimemaliza. Mdogo wangu Susan, wa miaka sita, anaungua homa wiki ya tatu kule kwetu Werugha. Dispensari wametoa vidonge, wametoa sindano, lakini homa inashuka asubuhi na jioni imepanda tena, kama mama wa sokoni. Ndipo nyanya yangu Jedidah, aliyemzaa baba, aliposema: "Hii si homa ya mbu. Kuna moyo wa mtu umefura mahali. Nendeni mkamlete Mwandawiro ateme."

Na huyo Mwandawiro, babangu, yuko wapi? Moshi! Ndivyo nilivyoambiwa tangu nipate akili. Alienda kutafuta kazi Moshi, mwaka wa sabini na saba mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, akakwama upande wa pili.

Basi Novemba mpaka ulipofunguliwa, redio ikatangaza, nani angenizuia? Mama alijaribu. Akasema nauli hakuna, akasema mvua inakuja, akasema mtu huyo hata hatanijua. Nikaenda. Nikasimama Taveta siku tatu pale kwa geti, nimeshika kipande cha katoni chenye jina la baba, nikiangalia watu wakikumbatia watu wao.

Mpaka mama mmoja wa Mboghoni, muuza ndizi, alipolisoma lile jina akacheka karibu amwage ndizi zake. "Crispus Mwandawiro? Fundi wa baiskeli? Mwanangu, unamngoja mpakani mtu aliye Voi!"

Voi! Pale chini! Mahali kabeji zetu zinapouzwa!

Ndio nikapanda gari la moshi la kutoka Taveta, ndio nikashuka Voi, ndio nikaulizia, ndio huyu hapa mbele yangu, mtu mrefu, kipara kinaanza, mikono myeusi kwa grisi, ananiita madam.

"Sina baiskeli," nikasema.

"Sasa, madam, nitengeneze nini?"

Wenzake wawili waliokuwa wamekalia kreti za soda wakaangua kicheko. Mmoja ni Mutiso, fundi wa viatu. Mwingine ni Kiilu, muuza makaa. Midomo yao haina breki.

"Mtengeneze roho," Kiilu akasema. "Angalia vile anatetemeka. Huyo ameachwa na bwana."

Baba akalirudia gurudumu alilokuwa nalo, akaanza kupiga pampu. Mimi nikajikaza.

"Mimi ni Jerusha."

Pampu ikaendelea.

"Jerusha wa Werugha. Mamangu ni Priscilla."

Hakuinua kichwa. Juu, chini. Juu, chini. Tairi likafura, likafura, likawa gumu kama jiwe, na yeye bado tu.

"Mwandawiro, imetosha," Mutiso akasema.

Juu, chini.

"We, Mwandawiro!"

PAA!

Kuku wakaruka. Mama wa viazi ng'ambo ya barabara akalala kifudifudi. Kiilu akajikuta chini, kreti iko juu yake, anauliza, "Amepigwa nani? Amepigwa nani?"

Na baba amesimama, pampu mkononi, analitazama lile gurudumu.

"Ilikuwa ya mwalimu," akasema pole pole. "Anaijia saa nane."

Haki ya Mungu, hilo ndilo neno la kwanza babangu aliniambia akijua mimi ni nani.

Mutiso naye akaondoa kiatu alichokuwa amekibana magotini, akanitazama juu mpaka chini. "Jerusha? Ndiye huyu? Yule wa themanini na moja ya hesabu?"

Nikamgeukia. "Nani amekuambia?"

"Ati nani! Binti, sisi ripoti yako tunaisoma kila muhula. Kiingereza muhula wa pili ulianguka, si ndio? Siku hiyo huyu hakula. Nikamwambia, Mwandawiro, kula, mtoto atainuka."

"Mutiso, nyamaza," baba akasema.

"Ninyamaze nini? Mtu ana mtoto mmoja tu, miaka sita anatupigia kelele na huyo mmoja, leo amekuja kwa miguu yake, ninyamaze?"

Mmoja tu.

Ngojeni niseme ukweli hapa hapa kabla sijaupaka rangi. Neno lile nililisikia vizuri. Nilijua kwetu tuko wawili. Ningeuliza. Lakini lilinishuka tumboni tamu, moto, kama uji asubuhi ya baridi, nami nikalimeza bila swali.

Baba alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa, akanawa, mpaka nikadhani ataondoa ngozi. Halafu akanipeleka hoteli iliyo karibu na stesheni, akaagiza chai na mandazi manne, yote manne akayasukuma mbele yangu.

"Kula."

"Na wewe?"

"Mimi nakuangalia."

Nilikula, jamani! Nilikula na kuongea kwa pamoja. Nikamwambia habari ya Taveta na katoni yangu, nikamwambia habari ya mwalimu wetu wa jiografia anayelala darasani, nikamwambia mimi nitaenda koleji nitake nisitake. Na yeye alikuwa akitaka kucheka anakohoa. Hivyo tu, *kho, kho*, na mabega yanatikisika. Mimi pia nikicheka sana nakohoa hivyo! Miaka yote mama alikuwa akinipa asali na ndimu, kumbe si kifua, ni baba.

"Miguu ya nyanya yako?" akauliza.

"Hashuki mlima tena. Wewe umejuaje anaumwa miguu?"

"Na ile ng'ombe nyekundu, imezaa?"

"Nani anakuambia haya yote?"

Akatazama kikombe chake. "Kina mama wa kabeji. Jumanne na Ijumaa."

Nikarudisha andazi sahanini. Kina mama wa kabeji! Wale wale ninaokaa nao benchi moja kanisani! Wale wanaoniuliza, "Jerusha, baba wa Moshi ameleta habari?" huku juzi yake tu walikuwa wanazibiwa pancha kwake!

"Wote wanajua?"

"Wote. Niliwaapisha."

"Kwa nini? Mpaka umefunguliwa mwezi uliopita tu, wewe ulipita wapi?"

"Mimi mpaka haukunifunga, Jerusha. Februari ile walipofunga, tulivuka kwa miguu, Wakenya kama ishirini. Siku ya pili yake nilikuwa Werugha."

"Werugha kwetu?"

"Nilifika mpaka uani. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Tukatazamana."

"Halafu?"

"Halafu nikashuka."

"Hivyo tu? Hata maji hukunywa?"

Akakohoa. Safari hii mabega hayakutikisika.

Mimi nikawaka. Kosa langu nalijua, mimi nikiwaka sauti yangu inasikika mpaka sokoni. "Ati ukashuka! Mama ana mimba yako, amesimama mlangoni anakungoja, wewe unageuza mgongo unaenda kuziba matairi ya watu!"

Hoteli nzima ikageuka. Mtu wa birika akabaki nalo hewani. Na meza ya nyuma, wakijifanya wanakunywa chai, walikuwa Mutiso na Kiilu!

"Mimba?" Kiilu akauliza. "We Mwandawiro, mimba gani tena?"

"Ya Susan!" nikasema. "Mdogo wangu! Ana miaka sita, anaumwa, na ndio nimetumwa!"

"Jerusha, punguza sauti," baba akasema.

"Sipunguzi! Ulikuja mwaka wa sabini na sita, ukaingia usiku, ukaondoka alfajiri kabla sijaamka. Mama aliniambia. Nililia wiki nzima kwa sababu nililala! Mpaka leo nikilala nasikia kama kuna mtu anapita."

Baba akaweka kikombe chini. Akakiweka polepole sana, kama kimejaa, na kilikuwa kitupu.

"Mwaka gani?"

"Sabini na sita."

"Mara yangu ya mwisho kulala Werugha ilikuwa Krismasi ya sabini na mbili," akasema. "Ulikuwa na miaka mitano. Ulinikata kucha kwa wembe, ukanitoa damu."

Ile damu naikumbuka. Kidole kikubwa cha mguu. Nilijificha chini ya kitanda nikidhani nimemuua.

Hakuna aliyecheka. Kiilu alikuwa anasoma kikombe chake kama gazeti. Mutiso akamgusa bega, "Twende," na wakatoka wakiacha chai nusu, watu wale wasioacha hata tone.

Hesabu nilipata themanini na moja, si mmesikia? Lakini hii hata mtoto wa darasa la pili angeifanya kwa vidole. Mtoto amezaliwa Mei sabini na saba. Baba hajakanyaga nyumba tangu sabini na mbili. Miaka yote nimejilaumu kwa kulala usiku ambao haukuwako.

Na yule aliyekuwako? Msiniulize leo. Hata mimi siku hiyo sikutaka kujua.

"Mtoto anaumwa nini?" baba akauliza.

Nikamwambia. Homa, miguu imekuwa kama vijiti, uji anatapika, usiku anaweweseka.

"Nyanya yako amesema niteme?"

"Ndiyo."

Akalipa chai, akarudi kibandani, akavua aproni, vifaa akavifungia ndani ya sanduku la Mutiso. Lile gurudumu la mwalimu akamkabidhi Kiilu. "Akija mwambie nimeenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Kiilu akauliza.

"Nyumbani," baba akasema.

Safari siwaelezi. Mwatate tulipita, Wundanyi tulifika, na kutoka hapo tukashika njia ya miguu. Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu.

Tulikuwa tumefika kwenye kona, mashamba ya kabeji juu yetu na chini yetu. Yeye mbele, mimi nyuma. Akasimama.

"Unajua nitatakiwa kufanya nini?"

"Kutasa," nikasema.

Kwa nyinyi msio wa kwetu: sisi Wadawida tunajua hasira ya mzazi haikai bure moyoni. Inatoka inatafuta mtoto. Ikimpata, dawa za dispensari zinapita kama maji kwenye kikapu. Basi mzazi anatafutwa, anapewa maji safi, anataja mbele ya watu kinachomchoma, anajaza maji mdomoni, anayapuliza nje, *pfuu*, yakimwangukia mtoto kama manyunyu, na anasema, mwanangu apone, akae salama. Hasira inatoka na maji. Hiyo ndiyo kutasa. Na msidhani sisi ni wapagani. Mama ni wa umoja wa kina mama kanisani. Mchungaji akiuliza, tunamwambia tulikuwa tunasukutua.

"Anayetema ni baba," akasema. Bado amenipa mgongo. "Nikitema, nimesema mbele ya boma mtoto ni wangu. Hakuna kurudi nyuma tena. Nimetembea kutoka Wundanyi nikijiuliza, na jibu silioni. Sasa wewe, Jerusha. Wewe unasemaje?"

Mimi! Mtoto wa miaka kumi na sita!

Ningesema, baba, tema. Neno moja. Susan analala juu ya mkono wangu kila usiku. Ananiwekea ukoko wa ugali chini ya sahani ili nikitoka shule niukute. Alipojifunza kuandika, jina la kwanza aliloandika ni langu, na akaliandika kinyume.

Lakini jamani, nilikuwa na baba kwa saa nne tu! Saa nne, na mtu anajua alama zangu, ananisukumia mandazi yote manne, anakohoa kama mimi. Nilikuwa sijashiba.



"Baba," nikasema, "mimi nilisikia una mtoto mmoja."

Akageuka, akanitazama. Sikuweza kusoma uso ule, nilikuwa sijaujua bado. Akakohoa kidogo, akaendelea kupanda.

Hii sijamwambia mtu mpaka leo.

Saa kumi na moja tukaingia uani, ukungu umeshuka hata jiko halionekani vizuri. Nyanya alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, fimbo magotini.

"Nani huyo anakohoa kama marehemu bwana yangu?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

Nyanya akainuka. Hakuna aliyemsaidia, na hakuhitaji. Akamfikia mwanawe, akainua fimbo, akamchapa mguuni, paa! Kisha akamshika shingo akaning'inia.

"Umetoka Moshi lini?"

"Niko Voi, mama. Miaka sita."

Akamwachia, akamchapa tena. "Voi! Voi, Mwandawiro! Mimi nasali kila jioni Mungu amwangalie mtu wa Moshi, na wewe uko Voi! Maombi yangu yote yamepelekwa nchi ya watu!"

Hapo mama akatokea.

Alikuwa anatoka shamba, mzigo wa nyasi za ng'ombe kichwani. Akamwona. Hakuutupa ule mzigo. Alisimama nao vile vile kichwani, maji ya ukungu yanamtiririka usoni.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Karibu."

Basi. Miaka kumi na moja, na maneno ni hayo. Akatua nyasi, akafungua kamba, akaanza kuikunja ile kamba, duara juu ya duara, taratibu, kama hakuna kazi nyingine duniani. Aliponitazama, alijua kwamba najua. Mimi nikaangalia kuku.

"Maneno baadaye," nyanya akasema. "Mtoto hana wakati. Leteni maji."

"Mama," baba akasema kwa sauti ya chini, "wewe unajua?"

"Najua nini?"

"Kwamba huyo mtoto—"

"Mimi ni mzee, Mwandawiro, si kipofu. Vidole vya kuhesabia ninavyo kumi. Lakini ng'ombe wa mahari walitoka boma hili kwenda kwa kina Priscilla, mimi mwenyewe niliwaona wakiteremka. Mtoto akizaliwa ndani ya ng'ombe wako ni wako, hata kama ulikuwa mwezini. Na mtoto huyo unayemkasirikia amekuibia nini? Kabeji?"



Mama ndiye aliyeleta maji, kwenye kikombe cha bati, akakishika kwa mikono miwili. Akamnyoshea. Baba hakupokea. Kikombe kikabaki hapo katikati yao mpaka mama alipokiweka chini na kurudi nyuma hatua tatu. Nyanya akainama kwa shida, akakiokota, akampa yeye. Hapo akapokea.

"Jerusha, mlete mtoto."

Nikaingia ndani. Susan alikuwa amejikunja kitandani, midomo imepasuka. Nikamfunga mgongoni kwa blanketi. Mwepesi, jamani! Mwepesi kama kikapu kitupu kikitoka sokoni. Joto lake likanichoma shingo. Nilipotoka naye aliinua kichwa, akaweka kidevu begani kwangu, akamtazama yule mtu mrefu muda mrefu sana.

"Ni baba?" akaninong'oneza.

"Ni baba," nyanya akamjibu.

Susan akakusanya nguvu zake zote. "Baba," akaita, "mpaka umefunguliwa?"

Mama akageukia ukuta wa jiko. Niliona mgongo wake tu, na mgongo ulitosha.

Baba akasogea hatua moja. "Umefunguliwa," akasema.

"Walikupiga?"

"Hawakunipiga."

"Basi ni vizuri," Susan akasema, na kichwa kikarudi begani kwangu.

"Taja," nyanya akaamuru.

Baba akakishika kile kikombe kwa mikono yote miwili, ile mikono aliyoisugua na bado ina weusi kwenye kucha.

"Nilikuwa na hasira na Priscilla," akasema. "Nikawa na hasira na mama yangu, kwamba hakunitafuta. Nikawa na hasira na mlima huu." Ng'ombe akalia bandani. "Nikawa na hasira na tumbo nililoliona mlangoni. Tumbo ambalo halijanikosea kitu."

"Vema," nyanya akasema, na machozi yanamshuka. "Vema, mwanangu. Sasa itoe."

Akajaza funda mdomoni. Mashavu yakajaa. Nyanya akainua mikono. Mama akageuka kutoka ukutani, amejishika kifua. Na Susan, mgongoni kwangu, alifumba macho na kuinua uso, vile anavyofanya jioni nikimwogesha, anangoja maji.

Baba akamtazama. Akamtazama vizuri, yale macho yaliyofumbwa, ile midomo. Nikaona kifua chake kinapanda. Alikuwa anatema! Nawaapia, alikuwa anatema!

Halafu macho yake yakapanda kidogo tu, upana wa kiganja, yakanikuta mimi.

Nilikuwa mbele yake kabisa. Uso wangu na wa Susan mahali pamoja. Aliniuliza kwa macho lile swali la njiani, mara ya pili, mdomo umejaa maji.

Kutikisa kichwa tu. Ndicho kilichotakiwa. Si neno, si machozi, kichwa tu, chini na juu. Baadaye nilijiambia ni uzito wa mtoto, blanketi lilikuwa limenibana shingo. Uongo. Mtoto hakuwa na uzito.

Sikutikisa.

Koo lake likapanda, likashuka. Tulilisikia wote. Aliyameza.

Ukungu ulipita kati yetu. Hakuna aliyesogea.

Susan akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akajipapasa shavu kwa kidole.

"Mbona sijalowa?" akauliza.

Nyanya akakaa chini, chini kabisa, mchangani, fimbo imemponyoka. "Umeirudisha ndani," akasema. "Mwandawiro, umeirudisha ndani. Aliyemeza hawezi kutema tena mpaka jua litoke upya. Na mtoto huyu... nani ataniambia mtoto huyu ataliona jua?"

Baba akaweka kikombe juu ya kigogo. Kikombe kikapiga kelele. "Nitangoja hapa nje," akasema. Akaenda akasimama penye njia ya kuingilia, pale pale, nadhani, aliposimama mwaka wa sabini na saba.

Mimi nikajua mama atamfuata. Atapiga kelele, atalia, atamshika shati. Nilimngoja aende.

Hakwenda. Alikuja kwangu. Akafungua blanketi, akamtoa Susan mgongoni kwangu, akamlaza begani kwake. Kisha akasimama mbele yangu karibu sana, na yeye mama, ambaye hajawahi kuniuliza kitu bila kujua jibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili nyanya asisikie.

"Jerusha. Huko njiani, ulimwambia nini baba yako?"

Nilimjibu. Nimeliandika lile jibu mara tatu leo na mara tatu nimelifuta. Nipeni usiku huu mmoja. Kesho mtalisoma, hata kama hamtanipenda tena.